Visa ya baba haibebi familia nzima

Ujumbe ule unazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, Kirumba hadi Igoma: ukipata visa ya muda mrefu ya masomo au kazi, mwenza na watoto wanaingia kwa visa hiyohiyo, bila ombi lao.

Si kweli. Kwa kawaida kila mtegemezi, hata mtoto mchanga, huhitaji pasipoti yake na ruhusa yake. Tena zipo visa zisizopokea wategemezi. Uingereza, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni hawawezi kuja na familia, isipokuwa hasa wa shahada za utafiti, kama uzamivu. Marekani, mwenza wa mwanafunzi huomba visa ya F-2, isiyomruhusu kufanya kazi.

Mkanganyiko unaeleweka: zamani watoto waliandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi, na familia nyingi hupeleka maombi siku moja, yakaonekana ni ombi moja. Lakini inaniuma, maana mtu anaweza kuuza mtumbwi na nyavu akate tiketi tano, wasafiri wanne wakazuiliwa.

Fungua tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda (ya Uingereza huishia na gov.uk), usome sehemu ya wategemezi ya visa yako. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.