NAS ni nini, na kwa nini haijitokezi kama flashi

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua NAS, kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, kachukua waya wa mtandao, ncha moja kaiingiza kwenye NAS na nyingine kwenye laptopu, kisha kakaa akisubiri herufi E au F itokee kama inavyotokea akichomeka flashi. Haitokei. Anaamua kwamba kifaa ni kibovu au waya umekatika, au anaambiwa kwamba kitu hicho hakifanyi kazi bila intaneti. Kwa kawaida yote matatu si kweli. Kilichompoteza ni jina: wengi wanaiita NAS eksteno ya mtandao, na kwa kuwa eksteno, yaani diski ya nje ya USB, wanaijua, wanatarajia tabia za eksteno.

NAS ni kompyuta ndogo yenye diski ndani, na kazi yake ni kuzipa kompyuta nyingine mafaili kupitia mtandao. Ina prosesa, ina RAM, ina mfumo wake wa uendeshaji ambao mara nyingi ni wa jamii ya Linux, na ina orodha ya watumiaji wenye majina na nywila. Diski ni kiungo chake kimoja tu. Hiyo ndiyo maana yote. Kinachostahili maelezo marefu ni tofauti yake na eksteno, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza muda, na wakati mwingine data.

Ukichomeka eksteno kwa USB, laptopu inaishika diski yenyewe. Inasoma mgawanyo wake, inautambua mpangilio wa mafaili kama ni NTFS au exFAT, na yenyewe ndiyo inayoamua kila kipande cha data kikae wapi. Kwa NAS, laptopu haiigusi diski hata kidogo. Inachofanya ni kuomba, kwa itifaki inayoitwa SMB: nipe faili hii, nihifadhie ile. NAS ndiyo inayosoma diski zake kwa mpangilio inaoujua yenyewe, mara nyingi ext4 au Btrfs, halafu inatuma yaliyomo.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, itafunguka programu inayoorodhesha diski zote za kompyuta. Eksteno utaiona pale pamoja na ukubwa wake. NAS hutaiona, hata kama folda yake moja umeshaipa herufi Z na unaitumia kila siku. Bofya kulia juu ya Z, utakuta hakuna chaguo la kuformati. Windows haifichi kitu. Haina diski ya kuformati hapo, ina folda ya kompyuta nyingine.

Tofauti hiyo ina matokeo mazito. NAS ikizimika, wapo wanaochomoa diski yake na kuichomeka kwenye laptopu ya Windows kwa kifaa cha USB. Windows haisomi ext4 wala Btrfs kwa kawaida yake, hivyo inaweza kuiona diski kama tupu na kupendekeza iformatiwe au ianzishwe upya. Usikubali. Data iko salama, ila imeandikwa kwa mpangilio usiojulikana na Windows, na pengine imegawanywa kwenye diski kadhaa kwa RAID, njia ya kuziunganisha diski zifanye kazi kama moja. Diski kama hiyo husomwa kwa kompyuta ya Linux au kwa NAS nyingine ya ukoo ule ule.

Matokeo mengine yanahusu tundu la USB. NAS nyingi zina tundu hilo, na mtu aliyeshindwa na waya wa mtandao hulikimbilia, akitafuta waya wenye ncha mbili zinazofanana ili aunganishe na laptopu. Kwenye NAS nyingi hautafanya kazi, kwa sababu katika USB upande mmoja huwa mwenyeji na mwingine mgeni, na hapo zote mbili ni wenyeji. Tundu lile limewekwa ili NAS ipokee vitu vyake yenyewe: flashi, eksteno ya nakala rudufu, au waya wa UPS, ile betri ya akiba ya umeme.

Kuna jambo moja linaloonekana kuivunja kanuni hii. NAS nyingi zinaweza kuwasha huduma ya iSCSI, ambayo hukata sehemu ya nafasi na kuiwasilisha kwa kompyuta kama diski ghafi. Hiyo itatokea kwenye diskmgmt.msc, na laptopu itakuomba uiformati kwa NTFS. Lakini ukifanya hivyo umeacha kutumia NAS kama NAS: sehemu hiyo sasa ni ya laptopu moja, na ya pili ikiishika kwa wakati mmoja zitaharibiana kumbukumbu. Anayetaka folda ya familia au ya ofisi haihitaji.

Sasa waya. Huu unaoitwa waya wa intaneti ni waya wa Ethernet, na Ethernet si intaneti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1973 na Bob Metcalfe alipokuwa Xerox PARC, California, akilichukua kutoka etha, kitu ambacho wanafizikia wa zamani walidhani kimejaa angani na ndicho kinachobeba mwanga. Ethernet ilibuniwa ili mashine za jengo moja zizungumze. ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulihamia TCP/IP, itifaki ambazo intaneti inazitumia, tarehe 1 Januari 1983, miaka karibu 10 baadaye. Kwa hiyo NAS na laptopu zilizounganishwa kwa waya mmoja, bila ruta, bila bando, bila mnara wowote karibu, ni mtandao kamili. Anayesema lazima uwe na intaneti amechanganya barabara ya ndani ya kijiji na barabara kuu.

Kinachokosekana ukiunganisha moja kwa moja ni anwani. Nyumbani au ofisini ruta ndiyo hugawa anwani za IP kwa kila kifaa kinachojitokeza, kwa huduma inayoitwa DHCP. Ondoa ruta, na hakuna mgawaji: laptopu inaomba, NAS inaomba, hakuna wa kujibu. Baada ya muda, kwa kawaida chini ya dakika 2, kila moja hujichagulia anwani inayoanza na 169.254. Windows hufanya hivyo tangu enzi za Windows 98, na NAS nyingi pia hufanya. Zikishajipa zote, zinaweza kuonana, ila hakuna anayejua mwenzake kajiita nani. Hapo ndipo programu za kutafuta zinaposaidia: Synology Assistant kwa Synology, Qfinder Pro kwa QNAP. Mtu anayechomoa waya baada ya sekunde 20 na kujaribu tena huanzisha hesabu upya kila mara, na hafiki.

Njia ya uhakika ni kuzipa anwani mwenyewe. Anza na NAS ingali kwenye ruta: fungua ukurasa wake wa uongozi, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, weka anwani ya kudumu 192.168.50.2 na kinyago (subnet mask) 255.255.255.0. Ukihifadhi, ukurasa utakatika. Usishtuke, NAS imehamia anwani mpya. Sasa chomoa waya wake kwenye ruta uuchomeke kwenye laptopu. NAS yenye matundu mawili ya mtandao ni rahisi zaidi: tundu la kwanza libaki kwenye ruta kama lilivyo, anwani hii ipe tundu la pili peke yake, na waya wa laptopu uingie hapo.

Kwenye laptopu ya Windows andika ncpa.cpl kwenye kisanduku kile kile cha kitufe cha Windows na R, bofya kulia kwenye Ethernet, ingia kwenye sifa zake, chagua IPv4, weka 192.168.50.1 na kinyago 255.255.255.0. Sehemu ya geti (gateway), yaani njia ya kutokea nje ya mtandao, na sehemu za DNS ziache wazi. Hili la geti linavunja watu moyo bure: ukiandika kitu hapo, laptopu inaweza kuanza kutafuta intaneti kwa kupitia NAS, na Wi-Fi iliyokuwa inafanya kazi itaonekana imekufa.

Namba 50 haikuchaguliwa hovyo. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0 au 192.168.1. Ukiipa Ethernet anwani ya kundi lile lile ambalo Wi-Fi yako inatumia, laptopu itakuwa na njia mbili za kwenda sehemu moja, na inaweza kuchagua isiyofika. Kundi la waya liwe tofauti na kundi la Wi-Fi, basi.

Halafu pima. Fungua kidirisha cha amri, andika ping 192.168.50.2. Ikijibu, waya na anwani viko sawa na huna sababu ya kuvirudia tena. Fungua dirisha la mafaili, na juu kwenye mstari wa anwani andika \\192.168.50.2. Kwenye Mac ni Command na K ndani ya Finder, kisha smb://192.168.50.2. Utaombwa jina na nywila, na hivi ni vya mtumiaji uliyemsajili kwenye NAS, si vya kufungulia laptopu. Folda zikitokea, bofya kulia kwenye moja na uipe herufi, au tumia amri: net use Z: \\192.168.50.2\picha.

Usisubiri NAS ijitokeze yenyewe upande wa mitandao. Windows ikikuta mtandao usio na geti huuhesabu kuwa wa hadharani na kuzima ugunduzi wa vifaa vingine. NAS haitaonekana kwenye orodha, lakini anwani uliyoiandika kwa mkono itafunguka bila shida. Vilevile ukiwa na NAS hiyo hiyo kwenye Wi-Fi na kwenye waya, usiiite kwa jina. Jina linaweza kukupeleka kwa njia ya Wi-Fi, ukanakili mafaili polepole huku waya ukiwa umelala.

Ping ikijibu lakini folda zikakataa, tatizo limehama kutoka kwenye waya kwenda kwenye SMB. NAS za zamani huzungumza SMB1 tu, toleo la kwanza la SMB, na Windows 10 iliacha kuisakinisha kwa kawaida kuanzia toleo 1709 la mwaka 2017, mwaka ule ule ambao kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa SMB1. Dawa ni kusasisha programu ya NAS na kuwasha SMB2 au SMB3, si kuirudisha SMB1 kwenye laptopu. Folda zilizoachwa wazi kwa mgeni asiye na nywila nazo hukataliwa na Windows 11 Pro toleo la 24H2. Msajili mtumiaji, mpe nywila, yaishe.

Waya wenyewe una makosa machache. Cat5e inatosha kwa gigabiti 1 hadi mita 100. Waya wa kuvuka, ule unaobadilishana rangi ya chungwa na kijani kwenye ncha moja, ulihitajika kwa vifaa vya megabiti 10 na 100. Vifaa vya gigabiti hujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo waya wa kawaida unatosha. Kasi ndiyo itakayokuambia hali ya waya. Gigabiti hutumia jozi zote 4 za nyaya, na kwa kawaida hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Ukiona imeganda kwenye 11, muungano umeshuka hadi megabiti 100: jozi moja imekatika au haikubanwa vizuri kwenye plagi, au adapta ya USB uliyonunua kwa laptopu isiyo na tundu ni ya megabiti 100. Gigabaiti 50 za video ni kama dakika 8 kwa kasi ya kwanza, na zaidi ya saa moja na robo kwa ya pili.

Jambo la mwisho la kulinganisha na eksteno ni umeme. Umeme ukikatika laptopu inaendelea na betri yake. NAS inazimika papo hapo, ikiwa katikati ya kuandika. Zima NAS kwa ukurasa wake au kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa plagi ukutani, na kama kwenu umeme unakatika mara kwa mara, UPS ndogo iliyounganishwa kwenye lile tundu la USB itaifanya NAS ijizime kwa utaratibu. Waya wa mtandao, kwa upande wake, unaweza kuuchomoa ukishahakikisha hakuna faili linaloandikwa. Hakuna cha kubofya kwanza kama kwa flashi.

Kwa hiyo mtu akisema eksteno yake ya mtandao haionekani, si lazima kumsahihisha jina. Muulize tu: umeipa anwani gani?