Ziwa Tunaliona, Sasa Kibali cha Kisima cha Nini?

Wandugu, tangu tuanze kuzunguka wilaya na hii kampeni ya vibali vya maji tunaulizwa jambo moja tu, Uganda iko na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, iko na Nile, Kyoga, mvua pia inanyesha, sasa nyinyi mnapimapima nini na mtu anaombaje ruhusa kwa kisima kilicho ndani ya shamba lake. Tumejibu mpaka tumechoka kidogo, basi leo naleta mama mmoja wa Uswidi, mtaalamu wa maji, aliyelijibu kwa kazi ya maisha yake, Malin Falkenmark.

Alizaliwa 1925, na utafiti wake wa mwanzo ulikuwa wa barafu ya maziwa ya kwao, kwamba inabeba uzito kiasi gani. 1977 alikuwa kwenye ule mkutano mkubwa wa maji wa Umoja wa Mataifa kule Argentina. Lakini kazi ya 1989 ndiyo naipenda zaidi, wenzake walikuwa wanahesabu nchi ina maji kiasi gani, yeye akahesabu vichwa vinavyogawana hayo maji. Akasema kila mtu akipata chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mwaka nchi imeanza kubanwa, chini ya 1,000 ni uhaba. Hizo 1,700 ni jerikeni 85,000 za lita 20, na usishtuke, si za kunywa na kuoga tu, ndani yake kuna ya chakula, viwanda, umeme. Ziwa haliongezeki kila mtoto akizaliwa, hapo ndipo watu wengi wanakosea hesabu.

Alafu akatuletea maji ya bluu na maji ya kijani. Bluu ni ya mto, ziwa na chini ya ardhi. Kijani ni mvua iliyobaki kwa udongo, hiyo ndiyo inalisha matooke yetu na mahindi, na wengi wanaopanga mipango ya maji walikuwa hawaihesabu kabisa. Ndiyo maana tukisema usifyeke mlima wote, usimwage murramu kwa kinamasi, tunaongea juu ya maji pia, si miti peke yake.

Sasa kibali. Kuwa na cheti cha ardhi si kuwa na maji yaliyo chini yake, sheria imeweka usimamizi wa maji kwa serikali, tafadhali tuelewane hapo. Maji ya nyumbani na bustani ya chakula chenu hayaombewi kibali, kwa hiyo wanaosema tutawatoza akina mama wa jerikeni wanapotosha watu. Kibali ni cha pampu ya mota, au ukitumia zaidi ya mita za ujazo 400 ndani ya masaa 24. Mchimbaji awe na kibali chake cha kuchimba, na wewe mwenye kisima cha namna hiyo uombe chako cha kuvuta maji, ni viwili tofauti, cha mchimbaji hakikulindi wewe. Unajaza fomu, unaweka ripoti ya mchimbaji na majibu ya kujaribu pampu, unalipa benki si kwa mkono wa afisa, alafu wakaguzi wanakuja kuangalia. Kibali kina muda wake, kikiisha unaomba upya. Bila hicho ni kosa, kuna faini na kuna kifungo.

Vijana mnaoniuliza hii kazi inaanzia wapi, shikeni hesabu na kemia, lakini mjue sehemu kubwa ni kusoma kibao cha namba kinachoonyesha maji yamefika wapi, kila siku, miaka kwa miaka. Mwezi wa 5 mwaka 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kibao cha kupimia pale Jinja (si kina cha ziwa lote), likapita 13.41 ya 1964, na tulijua hivyo kwa sababu kuna mtu aliandika ile ya 1964. Falkenmark alifariki 2023, na kile kipimo chake cha 1,700 bado tunakitumia. Kwa hiyo wale wanaong'oa vile vibao vya namba vya kupimia maji kando ya mto wakauze kama chuma chakavu, naomba muache, na ukiona kimeanguka piga ripoti ofisi ya maji ya wilaya, usikisimamishe mwenyewe kwa sababu kikisogea hata kidogo namba zote zinazofuata zinakuwa za uongo.