Daraja la Chuma la Mto Severn: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu Iron Bridge, daraja linalovuka mto Severn huko Shropshire, Uingereza, ni kwamba ndilo daraja la kwanza la chuma duniani. Sivyo. Wachina walijenga madaraja yaliyoning'inia kwa minyororo ya chuma muda mrefu kabla yake, na mwaka 1769 daraja dogo la chuma la waendao kwa miguu lilikwisha kujengwa Kirklees, Yorkshire. Iron Bridge ni daraja kubwa la kwanza la tao lililojengwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na sifa hiyo inalitosha bila kutiwa chumvi.

Wengi pia huwachanganya watu watatu wa ukoo mmoja wa wenye viwanda vya chuma, wote walioitwa Abraham Darby. Aliyeyeyusha chuma kwa koku, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili kuondoa uchafu, mwaka 1709 ni babu. Aliyejenga daraja ni mjukuu wake, akifuata wazo la msanifu majengo Thomas Farnolls Pritchard, aliyefariki mwishoni mwa 1777, kazi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mbavu za tao zilisimamishwa mwaka 1779, daraja likafunguliwa tarehe 1 Januari 1781, na gharama zake zikamwacha Darby huyo na madeni hadi alipokufa.

Hudhaniwa vilevile kwamba vipande vyake viliungwa kwa parafujo, kama ilivyo kawaida ya madaraja ya baadaye. Ukweli ni kwamba mafundi, ambao hawakuwa na kielelezo cha kazi kubwa namna hiyo, walitumia maarifa ya useremala: ulimi wa kipande kimoja uliingizwa katika tundu la kingine, kisha ukakazwa kwa kabari. Vipande hivyo ni takriban 1,700, vyenye uzito wa tani 378 kwa jumla, na vingi vinavyoonekana kufanana vinapishana vipimo, kwa sababu vilisubiwa ili kutoshea mahali pake.

Rangi ya kijivu, iliyozoeleka hata ikadhaniwa kuwa ya asili, nayo si ya mwanzo. Wakati wa matengenezo ya 2017 na 2018, taasisi ya English Heritage ilipata mabaki ya rangi ya kahawia nyekundu chini ya matabaka ya baadaye, na daraja likapakwa rangi hiyo.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kuhifadhi daraja la chuma ni kupambana na kutu tu. Adui mkubwa wa Iron Bridge ni ardhi. Kingo za bonde husogea kuelekea mtoni na kulibana tao. Chuma cha kusubu hustahimili kugandamizwa, lakini kikivutwa au kupindwa huvunjika. Nyufa zilionekana miaka michache tu baada ya ufunguzi. Mwaka 1802 ukuta wa mawe wa upande wa kusini ulibomolewa, pakawekwa matao ya mbao, na mwaka 1821 matao ya chuma yakashika nafasi yake. Magari yalipigwa marufuku mwaka 1934, lakini ardhi haikuacha kusukuma. Ndipo kati ya 1972 na 1975 likajengwa tao la zege lililopinduliwa chini ya mto, linalozizuia kuta za pande mbili zisikaribiane. Mgeni halioni, na ndiyo maana sifa zote huenda kwa rangi.