Mpukutiko wa majani: kwa nini miti ya Mto Mississippi hubaki uchi ikifika Novemba

Mpukutiko ni kitendo cha mti kuyaangusha majani yake kwa mpango maalumu. Wengi husema baridi imeyaua, au upepo umeyang'oa. Upepo humalizia tu; kazi yenyewe mti umeianza wiki kadhaa nyuma. Ukitaka ushahidi, tafuta tawi lililovunjwa na dhoruba mwezi Julai. Majani yake hukauka yakiwa yamening'inia, na Januari utayakuta palepale, ilhali matawi mazima ya mti huohuo hayana hata jani moja. Tawi lililokufa haliwezi kupukutisha.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Minneapolis, Marekani, ambako Mississippi hupita kwenye korongo lenye miti pande zote mbili. Wakenya wengi wanaishi jimbo hilo la Minnesota, na mwaka wa kwanza mgeni huweza kudhani miti inaugua. Mji uko karibu na latitudo ya 45 kaskazini: mwezi Juni mchana huzidi saa 15, Desemba haufiki saa 9. Usiku ukianza kurefuka mti hupata taarifa, hata kabla baridi haijauma. Mti ulio chini ya taa ya barabarani mara nyingi huchelewa kupukutisha kuliko wenzake, kwa kuwa mwanga wa taa huuvurugia hesabu.

Kwanza mti huokoa mali. Huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kuvuta nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye majani kwenda kuzihifadhi katika matawi, shina na mizizi. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwemo siku zote huonekana. Ndiyo rangi ya mipopla mikubwa inayosimama karibu na maji. Wekundu ni habari nyingine. Mimepo (jani lake ndilo lililo kwenye bendera ya Kanada) hutengeneza rangi nyekundu upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, hasa mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa wa ubaridi usiofikia kuganda. Wataalamu bado wanabishana mti unafaidika nini kwa gharama hiyo. Miyombo ya Tabora nayo huwa na rangi ya jamii hiyohiyo, ila yenyewe ni kwenye majani machanga yanayochipua kabla ya mvua.

Okota jani lililoanguka utazame mwisho wa kikonyo chake. Hapakuchanika, ni laini, kama pamekatwa kwa wembe. Hapo palikuwa na safu nyembamba ya seli ambazo mti ulizilegeza hadi zikaachana, huku upande wa tawi ukijizibia kidonda kwa tabaka kavu. Kwenye tawi hubaki kovu dogo lenye vidoa: ndiyo mirija iliyokuwa ikipitisha maji.

Mialoni ni wabishi. Mingi, hasa michanga, hubaki na majani ya kahawia yakichakarika hadi majira ya kuchipua, kwa sababu safu ile haikukamilika.

Kwa nini usumbufu wote huu? Jani pana hupoteza maji, na ardhi ikiganda mizizi haiwezi kuyarudisha. Theluji nayo ikilemea mti wenye majani, matawi huvunjika. Miyombo hupukutisha kiangazi kwa hoja inayofanana, ukosefu wa maji, ingawa pale tatizo ni ukame wala si barafu.

Majani yanayotua kwenye vijito hulainishwa na kuvu, yakaliwa na wadudu wa majini, nao wakaliwa na samaki. Yanayoziba mifereji ya mjini ni kero: huachia fosforasi inayostawisha mwani kwenye maziwa, na ndiyo maana mitaa hufagiliwa kila Oktoba.

Kufikia Desemba, viota vya tai kwenye mipopla vinaonekana waziwazi, na mti unadhaniwa umekufa. Lakini machipukizi ya mwaka ujao yapo tayari juu ya kila kovu, yameundwa tangu majira ya joto na kufunikwa magamba. Hayafunguki mpaka yapitie baridi ya wiki nyingi. Joto la siku mbili tatu katikati ya Desemba haliyadanganyi.