Uga wa umeme hauvuti molekuli, unazigeuza

Kwenye meza za mafundi simu hapa Mwanza, maelezo ni yaleyale: "Umeme unazivuta molekuli za LCD (aina ya kioo cha simu), ndipo picha inatokea." Hilo "unazivuta" ndilo lenye kasoro.

Kuelekeza molekuli kwa uga wa umeme, yaani eneo ambamo umeme husukuma chaji, ni kuzigeuza zilale upande mmoja, basi. Molekuli ya dipoli haina chaji ya ziada. Ina ncha yenye chanya kidogo na ncha yenye hasi kidogo. Uga ukiwa sawa kila mahali, ncha moja inasukumwa huku na nyingine kule kwa nguvu zilezile. Nguvu hizo zinafutana, kinachobaki ni mzunguko. Tazama mitumbwi iliyotia nanga Mwaloni Kirumba upepo ukibadilika: yote inageuza omo, wala hakuna unaohama.

Neno lenyewe limeshasema. Uga ni uwanja wa wazi, kama ule wa mbele ya nyumba. Waliolipeleka kwenye fizikia walipatia, kwa sababu ni eneo. Wanaosema "unavuta" huufikiria kama kamba.

Halafu si kila molekuli hutii. Kati ya vioo viwili vya LCD kuna nafasi ya kama mikromita 5. Weka volti 5 na uga unafika volti milioni 1 kwa mita. Hata hapo molekuli ya maji ya ziwa ingegeuka kidogo mno, maana msukosuko wa joto la kawaida unaushinda uga huo zaidi ya mara 600. Fuwele-kimiminika, yaani kimiminika kilichomo ndani ya LCD, hufaulu kwa sababu molekuli zake ndefu zimeshikamana kimwelekeo: zinageuka kwa maelfu, kama kundi la dagaa. Aina itumiwayo zaidi huitwa nematiki, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi.

Tena ukibadilisha chanya na hasi, molekuli hizo hukaa vilevile, kwa kuwa vichwa na mikia vimechanganyika. Ndiyo maana saketi ya kioo hugeuza volti makumi ya mara kila sekunde. Ikiacha, ayoni za uchafu zilizomo, yaani chembe zenye chaji, hujikusanya kwenye elektrodi, sehemu zinazoingiza umeme, na kivuli cha picha ya zamani hubaki kwenye kioo.

Kwa hiyo, fundi wangu, kuvuta kupo. Ila kinachovutwa ni hizo ayoni, na hapo ndipo kioo kinapoharibika.