Mbuga si Sharti la Kupiga Picha za Asili

"Mwalimu, safari hii wanafunzi wanapelekwa mbuga gani kupiga picha?" Nimeulizwa tena wiki hii, na mzazi ambaye tayari alikuwa anatafuta lenzi kubwa ya kuazima. Hatuendi mbuga yoyote. Tunaenda Msitu wa Rau, hapa hapa Moshi, na simu ya kawaida inatosha.

Imani hii kwamba picha za asili ni za simba na tembo inaniudhi kwa sababu inamfundisha mtoto kuwa mazingira yako mbali, yana geti na kiingilio. Rau ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi. Mto Rau nao unamwagilia mashamba ya mpunga kule chini, upande wa Mabogini. Mwanafunzi akipiga picha ya mizizi iliyozama kwenye udongo wenye maji, namuuliza: maji haya yametoka wapi, na yakitoka hapa yanakwenda kwa nani? Akilifuata swali hilo hadi mwisho, anafika kwenye sahani yake ya wali.

Kuhusu mwanga sina mengi. Karibu na ikweta jua linapanda haraka, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi haumsubiri mtu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu. Jua likiwa kali tunaingia kivulini, tunapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tunashika simu kwa mikono miwili. Basi.

Jambo ambalo watu hawataki kulisikia ni hili: kupiga picha peke yake hakumfundishi mtu kutazama. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha majaribio aliyoyafanya katika jumba la makumbusho. Watu waliopiga picha ya kitu kizima walikikumbuka vibaya kuliko waliokiangalia tu. Lakini waliosogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Makumbusho si msitu, na waliopimwa hawakuwa watoto, kwa hiyo siyachukui matokeo hayo kama sheria. Hata hivyo yanafanana mno na ninayoyaona Rau. Mbega wakiruka juu ya miti, simu zote zinainuka, na kila mmoja anaondoka na doa jeusi na jeupe ambalo jioni hawezi kulieleza.

Ndiyo maana simu zinaanzia mfukoni. Tunakaa chini ya mti mmoja bila kuongea, tukifuata pumzi, kisha sauti ya karibu, kisha ya mbali. Baadaye kila mmoja anachagua kitu kimoja na kukisogelea: mti, tawi, jani, tundu kwenye jani. Kwenye tundu ndipo maswali yanaanza. Nani amekula hapa? Bado yupo? Naye analiwa na nani? Mtoto aliyefika hapo hana haja ya kuambiwa atulie, ameshatulia mwenyewe.

Je, ni kamera iliyomtuliza, au ni msitu, au ni kule kukaa kimya tu? Siwezi kuvitenganisha, na namtilia shaka anayesema anaweza. Tena utulivu wa asubuhi moja haumfanyi mtu mtunza mazingira. Nimemwona kijana akimpiga kipepeo picha nzuri sana, kisha akatupa chupa ya plastiki mferejini wakati wa kurudi. Hilo linaniuma, na sina dawa yake ya uhakika. Ninachofanya ni kuwarudisha kwenye mti ule ule, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na kuzipanga picha zao pamoja mezani. Hapo wanabishana wenyewe: maji yalikuwa yanafika hapa, huyu mdudu hakuwepo, hili tawi nani amelikata?

Kwa wazazi ambao watoto wao wanakuja Jumamosi: viatu vya kufunika miguu, daftari, simu yenye chaji, flashi imezimwa. Na picha iliyopatikana kwa kuvunja tawi au kusogeza kiota siipokei, hata ikiwa nzuri namna gani.