“Kwetu Wote Wanene”: Dhana Potofu kuhusu Unene wa Kurithi

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe hapa Tanga, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: “Kwetu wote wanene, ni damu, hakuna la kufanya.” Juma lililopita niliisikia mara tatu kwa asubuhi moja, na wa tatu alikuwa amekuja na mama yake na dada zake wawili ili wawe ushahidi.

Ushahidi huo siukatai. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba takriban asilimia 40 hadi 70 ya tofauti za unene baina ya watu hutokana na vinasaba. Tatizo ni jinsi takwimu hiyo inavyosomwa, kwa maana inaeleza kwa nini watu wa jamii moja hutofautiana, wala haisemi kwamba asilimia 70 ya kilo za mtu fulani zilikwishaamuliwa tangu tumboni mwa mama yake. Chukua kinasaba kimoja, jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007: miongoni mwa Wazungu waliochunguzwa, mtu mzima aliyerithi nakala mbili za aina yake inayoongeza unene, moja kwa kila mzazi, alimzidi asiye na hata moja kwa wastani wa kilo 3 hivi. Kilo 3, jamani, si 30! Tena jeni hiyo hujidhihirisha zaidi katika hamu ya kula na kuchelewa kushiba, na uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumuisha watu wazima zaidi ya 200,000 ulionyesha kwamba athari yake hupungua kwa takriban robo kwa wanaoushughulisha mwili.

Babu aliyekurithisha damu hiyo huenda alikuwa akitoka Makorora hadi bandarini kwa baiskeli, kwenda na kurudi, kila siku ya kazi. Vinasaba havibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni bodaboda inayosubiri mlangoni na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Ndiyo maana kila anayeketi mbele yangu namuuliza baiskeli ya nyumbani iko wapi, hata wanaonicheka.

Wapo wanaodai kuwa hata maji huwanenepesha. Maji hayana nishati yoyote. Tuhesabu kwanza kachori za njiani.

Wembamba nao husema kwamba vinasaba ni kisingizio cha walafi, na hilo pia linaniudhi, kwa sababu aliyerithi hamu kubwa anashindana kila siku na njaa ambayo jirani yake haijui.

Wengine huomba wapimwe jeni. Kwa walio wengi kipimo hicho hakibadilishi ushauri, kwa kuwa unene wa kawaida huchangiwa na mamia ya tofauti ndogondogo za kijeni. Ninayemtofautisha ni mtoto aliyenenepa kupindukia kabla ya kufikisha miaka 5, tena mwenye njaa isiyotulia. Huyo huenda ana hitilafu ya jeni moja, kama jeni ya MC4R inayosaidia kudhibiti njaa, au ile ya leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, na anapaswa kupelekwa kwa daktari bingwa wa watoto mapema, badala ya kusifiwa kwamba ana afya.